Mwalimu Aliyepima Mdalasini

Binti wa Mwalimu alinipigia simu kutoka Horohoro mpakani asubuhi, saa ambayo banda langu la chai limejaa wateja na mimi sina hata mkono wa kujikuna. Akasema, "Dada, mama hali chakula. Kila kitu nimempelekea, mpaka konfleksi, hali. Nenda wewe, labda wewe atakusikia." Nikamwambia nitakwenda. Nilipoiweka simu nikabaki nimesimama mbele ya karai, maandazi yakigeuka rangi yenyewe, maana anayesemwa kuwa hali ndiye mtu aliyetufundisha kula.

Sisi tulimwita Mwalimu tu. Walimu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na jina lake au la utani, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno pale mtaani kwetu Makorora, basi unamsema yeye, mwalimu wa sayansikimu, somo la mapishi na lishe. Alikuwa mtu wa milimani, wa huko Amani kwenye mashamba ya iliki na mdalasini, Mlutheri aliyeangukia katikati ya mtaa wa Waislamu na kuupenda kwa kuugombeza. Nyumba yake ilipakana na yetu. Kwa hiyo mimi nilikuwa naye darasani, nikirudi nyumbani ninaye, na nikicheza rede uani sauti yake inavuka ukuta kuniuliza kama nimekula.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha kitu jikoni. Magauni yake yote aliyashona mwenyewe na yote yalikuwa na mifuko mikubwa, na humo mifukoni hamkukosa punje za iliki alizozitafuna kutwa. Ulipopita karibu naye ulijua umepita karibu na nani hata kama umefumba macho.

Pua yake ndiyo ilikuwa balaa. Asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa, tukiingia mmoja mmoja na shikamoo zetu, naye akiitikia huku akitunusa. "Marahaba. Wewe umekunywa chai ya tangawizi na hujala kitu. Marahaba. Wewe leo kwenu mmekaanga vitumbua, mbona hukuniletea? Marahaba. Wewe hujanywa hata chai, kaa hapa mbele." Huyo wa kukaa mbele, kipindi kikianza tu, angetumwa ofisini kwake kuchukua chaki, na huko angekuta kikombe cha uji kimefunikwa na sahani. Hakuna aliyeambiwa uji huo ni wa nani. Unakunywa, unarudi na chaki, na Mwalimu hakutazami.

Somo linalokumbukwa na kila aliyepita mikononi mwake ni lile la konfleksi na mdalasini. Wakati ule konfleksi ilikuwa chakula cha watoto wa kwenye televisheni. Sisi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na aliyebahatika kwao kulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi. Siku hiyo akaingia na boksi la konfleksi alilolinunua dukani, na mkebe wa mdalasini uliosagwa, akaviweka mezani, akauliza kipi kati ya hivyo kina lishe zaidi. Darasa zima tukasema konfleksi. Boksi lilikuwa na picha ya mtoto anayecheka na meno yote, na sisi tulimwamini.

Akachora jedwali ubaoni. Gramu mia za huyu, gramu mia za yule. Kalsiamu, madini ya chuma, nyuzinyuzi, sukari. Hesabu zenyewe nimezisahau, na hata ningezikumbuka nisingethubutu kuziandika, maana mwenyewe yu hai na angezisahihisha. Ninachokumbuka ni kwamba kwenye kalsiamu na nyuzinyuzi mdalasini uliichapa konfleksi bila huruma. Kwenye chuma konfleksi ilijitutumua, lakini Mwalimu akasema chuma hicho hakikuota shambani pamoja na mahindi, kimetiwa na watu kiwandani. Kwenye sukari konfleksi ikaongoza na hakuna aliyeipigia makofi. Tulishangilia mdalasini kama timu ya mtaa wetu.

"Haya," akasema Mwalimu, "mshindi aliwe."

Akaleta mizani ya maabara, ile ya mshale, akapima mdalasini gramu mia. Likawa lundo la kahawia la kujaza bakuli. Akauliza nani anaanza. Jirani yangu wa dawati, mwenye haraka ya kila kitu, alichovya kidole kabla hajaruhusiwa, akalamba, na kipindi kilichobaki alikimaliza akikohoa vumbi. Mwalimu akamwaga lundo lile mkebeni, akachukua kiasi kinachoingia kwenye birika la chai ya nyumba nzima, akakiweka kwenye mizani. Mshale haukusogea. Akaipigapiga mizani kwa ukucha, mshale ukakaa palepale.

"Huyu ndiye bingwa wenu. Ubaoni ana kila kitu. Kinywani hayupo. Chakula hupimwa kwa kijiko cha mlaji, hakipimwi kwa jedwali."

"Kwa hiyo imeshinda konfleksi, Mwalimu?"

"Imeshinda mbaazi. Nendeni mkale mbaazi."

Tukarudi majumbani na habari kwamba viungo vyote ni sifuri. Mtu wa pwani umwambie viungo ni sifuri! Mama yangu aliweka mwiko chini akaniuliza ni nani aliyesema hivyo. Nilipomtaja, akasema, "Mwambie Mwalimu wako hajapata kunywa chai yangu." Nikaupeleka ujumbe kama ulivyo, kwa furaha kubwa, kwa kuwa hakuna starehe kama kugombanisha wakubwa. Jioni ile Mwalimu akaja, akakaribishwa mkekani, akamiminiwa chai yenye iliki, mdalasini, karafuu na mchaichai, akanywa, akaongeza, akaongeza tena.

"Vipi, Mwalimu?" mama akamchokoza. "Si ati viungo sifuri?"

"Lishe yake ndiyo sifuri, mama. Sikusema chai yako sifuri."

Tangu siku hiyo sahani zilianza kuvuka ukuta. Mama akipika anampelekea, na Mwalimu hakurudisha sahani tupu hata siku moja, maana desturi za kwetu alizishika kuliko sisi wenyewe. Ilirudi na iliki mbichi kutoka kwao, au parachichi, au vijiti vya mdalasini vilivyofungwa kwa uzi. Mwezi wa Ramadhani aliacha kutafuna iliki zake barabarani. Alisema hawezi kupita mbele ya watu waliofunga huku ananukia, hiyo ni kuwala nyama wakiwa hai.

Usidhani alikuwa mtu aliyenyooka. Aliyetufundisha ubaya wa sukari alikunywa chai tamu ya kuwaita sisimizi kutoka mtaa wa pili. Ukimtazama kijiko chake anakwambia, "Fuata ninalofundisha, usifuate ninachokoroga." Na konfleksi ile aliyoisimanga mbele ya watoto wote, mimi nilimwona kwa macho yangu, nikiwa nimepanda ukutani kuchuma mastafeli, amekaa uani kwake na boksi mapajani, anaila kavu kwa kiganja kama bisi. Tulitazamana. Akatafuna iliyokuwa mdomoni mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Shuka, utavunjika," na habari ile haikuzungumzwa tena kati yetu.

Hasira zake nazo zilikuwa za ajabu. Kuvunja sahani hakukumkasirisha, wala kuunguza wali. Alikasirika ukimwambia chakula ni kizuri ukaishia hapo. Siku za mapishi alipita meza kwa meza akiuliza mwenzako kapika nini na kikoje, na ole wako useme "kizuri". Alisema neno hilo ni la mtu mvivu wa ulimi, na kwamba hata sabuni huwa nzuri.

Lakini nikitaka kumweleza kwa mtu asiyemjua, huwa nasimulia siku za uzazi wangu wa kwanza. Huku kwetu mzazi akishajifungua hupewa uji wa pilipili manga katika arubaini yake, unamchangamsha mwili na kumletea maziwa, ndivyo wazee walivyosema. Mama mkwe wangu alikuwa bingwa wa uji huo. Mkosi ni kwamba wifi yangu, mpenda kusoma kwenye simu, alikuta mahali pameandikwa kuwa pilipili manga, ukipima uzito kwa uzito, ina chuma kuliko nafaka za boksi. Na mimi kliniki walikuwa wamesema damu yangu ndogo. Basi wifi akaona dawa imepatikana jikoni. Alimshawishi mama yake aongeze pilipili, kesho yake akaongeza tena. Uji ukawa mweusi. Nilikuwa naupeleka mdomoni machozi yananitoka, koo linawaka, naurudisha. Kusema siwezi, kwa kuwa umepikwa kwa mapenzi na mama mkwe amekaa pale ananitazama. Nilikaa na njaa katikati ya nyumba yenye chakula, na mtoto analia kwa kuwa ziwa halina kitu.

Mwalimu alikuja kumwona mtoto. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja, akapiga chafya, na nadhani pale pale alishajua yote. Akamshika mtoto, akamsifu, akamwombea kwa dini yake. Kisha akaomba aonje uji. Akanywa funda moja, uso ukalowa jasho, akalimeza lote bila kukunja hata nyusi. Mimi nilijua sasa tutafundishwa gramu mia, na mama mkwe atavunjiwa heshima ndani ya nyumba yake.

Hakufundisha kitu. Akamwambia mama mkwe, "Dada yangu, sisi watu wa milimani uji huu hatuujui vizuri. Naomba kesho nije unionyeshe, nipike mbele yako unisahihishe."

Akaja na karanga alizozisaga, maziwa, na mayai kwenye kikapu. Akawa anauliza kila hatua kama mwanafunzi: dada, nikitia karanga hapa nitaharibu? Dada, maziwa mnayatia? Mama mkwe, aliyefurahi kuulizwa na mwalimu mzima, akaruhusu karanga, akaruhusu maziwa. Ilipofika zamu ya pilipili Mwalimu akatwanga punje chache, akamnyooshea kinu. "Kwenu ni kiasi hiki, au nimezidisha?" Mama mkwe akatazama, akatazama sufuria iliyokwisha kunona, akasema, "Hapo hapo, usizidishe." Niliunywa ule uji mpaka nikalamba bakuli. Mwanangu huyo sasa ananipita kimo, na mimi kila nikimwona anakula namkumbuka Mwalimu na kikapu chake.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza hadi barazani, nikamuuliza kwa nini hakumwambia wifi kuwa amekosea hesabu. Akasema, "Hesabu hakukosea. Alisahau tu kwamba uji una mnywaji." Akaenda zake na mwendo wake ule.

Alipostaafu akahamia Mwera, kwenye kishamba alichokuwa amekinunua kidogo kidogo, akapanda migomba na minazi na michaichai mpaka mlangoni. Milimani kwao alisema baridi inamuuma magoti. Tuliwasiliana kwa simu, nikimpigia sikukuu zetu naye akinipigia zao. Nilipofungua banda langu la chai aliniuliza swali moja tu, natia iliki kiasi gani. Kisha maisha yakanisukuma, simu zikapungua, kama inavyokuwa kwa watu wanaopendana na kudhani muda upo.

Kwa hiyo nilifika Mwera nikiwa na kapu: unga wa uji, maziwa, iliki bora nilizozichagua punje kwa punje. Njiani nilikuwa nimejipanga. Nilijua binti amekosea, amempelekea mama yake maboksi ya konfleksi kwa kudhani mtu mzima asiye na hamu anahitaji chakula laini chenye madini. Mimi ningempikia uji wa kwetu, angeunusa, angekula, na ningempigia binti simu kwa majivuno kidogo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba ukumbini. Gauni lilikuwa lile lile la mifuko, ila sasa lingewatosha wawili kama yeye. Mikono imekuwa mishipa mitupu. Nikapiga magoti nikashika mkono wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa."

"Nimekuja kukuona."

"Umetumwa. Haya, pika."

Maboksi ya konfleksi yalikuwa yamepangwa kabatini, hayajafunguliwa hata moja. Nikawasha jiko mbele yake, nikakoroga uji, nikatia maziwa, nikatwanga iliki huku ananitazama kila ninachogusa. Harufu ikajaa chumba. Mimi mwenyewe niliyekwisha kula nikahisi njaa. Nikamimina kwenye bakuli, nikampelekea, nikasubiri kuona pua yake ikifanya kazi.

Haikufanya. Alichukua kijiko, akatia ncha ya ulimi, akakirudisha.

"Mwalimu, uji umepoa?"

"Haujapoa." Akalisukuma bakuli taratibu. "Mwanangu, pua yangu haisikii harufu. Niliugua mafua makali yale yaliyoingia kila nyumba, nikapona kila kitu, pua haikurudi. Sisikii moshi, sisikii kahawa, sisikii mvua. Binti yangu sikumwambia, atalia. Nikila naona natafuna karatasi za mtihani."

 Nikajaribu ujinga. Nikamwambia kwa sauti ya uchangamfu kwamba si neno, lishe bado imo, viungo ni sifuri, yeye mwenyewe alitufundisha. Maziwa yamo, unga umo, na kama hataki uji basi afungue boksi moja, madini yameandikwa ubavuni.

"Najua yaliyomo," akasema. "Najua kuliko aliyeandika. Kila siku asubuhi najikumbusha, hiki kina hiki, kile kina kile, mwili wako unakihitaji, kula. Mdomo haufunguki. Kujua hakufungui mdomo." Akayaelekezea kidole maboksi ya kabatini. "Niliwafundisha vibaya nyinyi. Nilipima kile ambacho mizani inaweza kupima."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akatikisa kichwa, na nikaona kwamba hakuwa anajisikitikia, alikuwa anasahihisha. Akalitazama bakuli lililokuwa linatoa moshi kati yetu.

"Inanukaje?"

"Iliki."

"Nimekuona ukiitia. Nimekuuliza inanukaje."

"Inanuka vi..." nikajizuia. Nikainama, nikanusa kama mtoto wa shule. "Ina ubaridi, Mwalimu. Inaingia puani kwanza kama maji ya mtungi, halafu nyuma yake ndio unakuja utamu, ukiwa umechelewa. Kama mtu aliyevaa nguo za Idi amepita uchochoroni. Hujamwona, unajua kapita."

Akashika kijiko. Akala. Nilimwona koo likipanda na kushuka.

"Na maziwa?"

"Maziwa yananuka joto. Yameshika kidogo chini ya sufuria, unisamehe."

"Yameshika," akasema, na akacheka kicheko kidogo. "Yameshika sana?"

"Kidogo. Kile kiasi ambacho watoto hugombania."

Akala tena. Nikamweleza unga, jinsi unavyonuka mashine ya kusaga na gunia jipya. Nikamweleza moshi wa mkaa. Nikamweleza mchaichai wa mlangoni, kwamba kuku amepita amevunja jani na harufu imeingia ndani. Kila nikisema, anakula. Nikinyamaza kutafuta neno, kijiko kinasimama hewani, naye ananitazama bila kunisaidia.

Maneno yaliniishia kabla uji haujaisha. Nilinusa upya bakuli, nikanusa chumba, sikupata jipya. Kijiko chake kilikuwa kimesimama, na bakuli bado lilikuwa nusu.

Nikaanza kumweleza mdalasini, ambao sikuutia. Alijua sikuutia. Akafungua mdomo, akapeleka kijiko.